Kuifungasha Juju, programu ya kuratibu huduma za seva, kwa ajili ya Debian: ni sehemu ipi inayowezekana, na kifurushi kiwe na tabia gani?

MwanaNgamiani (Tanga) anauliza:

Assalaam aleikum wana jukwaa, na habari za kazi.

Sisi ni kikundi kidogo cha mafundi wa kompyuta tunaofanyia kazi zetu Ngamiani, na tunatunza seva za taasisi kadhaa za hapa mjini, zikiwemo chama cha akiba na mikopo, shule za sekondari na ushirika wa wavuvi wanaoshusha samaki wao Deep Sea. Seva zote zinatumia Debian, mfumo endeshi tuliouchagua kwa sababu toleo lake thabiti halibadiliki ovyo, na kwa sababu kila kilichomo kimekaguliwa leseni yake kabla ya kumfikia mtumiaji. Kila taasisi ina hifadhidata yake ya PostgreSQL, tovuti yake, programu ya uhasibu na utaratibu wa nakala za akiba za usiku, na kila inapoongezwa seva mpya tunairudia kwa mkono kazi ambayo tulikwisha kuifanya kwingine.

Ndiyo maana tumeamua kuingia katika uratibu wa huduma, yaani kuiachia programu moja kazi ya kusoma maelezo ya huduma zinazotakiwa, kuzisakinisha kwenye mashine, kuziunganisha (kwa mfano kuipa tovuti anwani na nywila ya hifadhidata yake) na kuzifuatilia zinapoongezeka au kupungua. Tumeichunguza Juju, ambayo ilianza kwa jina la Ensemble na kupewa jina lake la sasa mwaka 2011, na tumeipenda kwa sababu inayachukulia mahusiano baina ya huduma kuwa ndiyo kiini cha kazi, wakati programu nyingine nyingi humwachia msimamizi ahangaike nayo.

Tatizo letu ni njia ya kuipata. Canonical, kampuni inayotengeneza mfumo endeshi wa Ubuntu, wanaitoa Juju kama snap, yaani kifurushi cha aina yao wenyewe. Ni kweli kwamba snapd, programu inayoziendesha snap, imo katika Debian, lakini duka linaloigawa liko mikononi mwa Canonical, na kwa kawaida snap hujisasisha zenyewe kwa ratiba ambayo msimamizi asipoizuia huendelea bila kumwuliza. Ofisini tuna apt-cacher-ng, inayohifadhi kila faili la .deb (kifurushi cha programu cha Debian) lililopakuliwa ili seva nyingine zisilipakue tena, jambo linalotuokolea bando kubwa sana, na snap hazipiti humo. Kwa hiyo tungependa kuifungasha Juju iwe .deb, na ikiwezekana tuipeleke Debian yenyewe ili wengine nao wanufaike.

Naomba kuelimishwa juu ya mambo haya. Je, Juju nzima inaweza kuingia Debian, au kuna sehemu itakayokataliwa? Imeandikwa kwa lugha ya Go na inategemea maktaba nyingi mno. Je, tuzifungashe moja moja, au tuziache ndani ya msimbo chanzo? Na kifurushi kikishasakinishwa, je, kiiwashe huduma papo hapo kama vifurushi vingine vya Debian vinavyofanya?

Mdau_wa_Chumbageni anajibu:

Waalaykum salaam, ndugu MwanaNgamiani.

Nitaanza na leseni, kwa kuwa ndiyo itakayoamua mengine yote, na watu wengi huiacha hadi mwisho wakati kazi ya miezi imekwisha kufanyika. Juju yenyewe iko chini ya AGPL toleo la 3, leseni ya programu huria ambayo Debian wanaikubali bila shaka. Panapoleta ugumu ni kwenye kile ambacho Juju inakihitaji ili ifanye kazi. Kidhibiti chake, yaani ile sehemu inayokumbuka hali ya mashine na huduma zote, kwa miaka mingi kimeiweka hali hiyo katika hifadhidata ya MongoDB. Mwezi Oktoba 2018 MongoDB iliiacha AGPL na kuhamia leseni ya SSPL, Debian wakaamua kwamba leseni hiyo haifai kwao, na Debian 10 ilipotoka mwaka 2019 MongoDB haikuwamo tena. Watengenezaji wa Juju wameanza kuhamia hifadhidata ya Dqlite, na hatua za kwanza zilionekana katika toleo la 3.2, lakini mfululizo wa 3 haujaachana na MongoDB, na kidhibiti huisakinisha kama snap. Kanuni za Debian zinasema wazi kwamba kifurushi kilicho katika sehemu ya main, iliyo ya programu huria tupu, hakiruhusiwi kutegemea wala kupendekeza kitu kilicho nje ya main. Kwa hiyo kidhibiti cha mfululizo huo hakina njia ya kuingia main, na nisingependa mpoteze nguvu zenu hapo.

Jambo la pili linagusa mpango wenu mzima. Mashine zinazosimamiwa na Juju hutarajiwa kuwa za Ubuntu. Unapoanzisha kidhibiti, programu ya wakala iitwayo jujud hupakuliwa kutoka seva ya Canonical na kuwekwa kwenye mashine hizo. Haiji kwa njia ya apt, programu ya Debian ya kupakua na kusakinisha vifurushi. Maana yake ni kwamba hata mkifanikiwa kutengeneza .deb iliyo safi kabisa, wakala bado watatoka mahali pengine, na seva zenu za Debian zitabaki kuwa wenyeji wa kontena au mashine pepe za Ubuntu ambamo huduma zenyewe zitaendeshwa. Kama hilo linawaridhisha, basi kinachofaa kufungashwa ni mteja, yaani amri ya juju ambayo msimamizi huiandika kwenye kompyuta yake. Mteja huyo hahitaji hifadhidata, hahitaji ruhusa za msimamizi mkuu, na mazungumzo yake na kidhibiti kupitia mtandao hayahesabiwi kuwa utegemezi wa kifurushi. Kama shabaha yenu ni kuendesha huduma moja kwa moja juu ya Debian, Juju haitawafikisha huko, hata ifungashwe kwa ustadi gani.

Msiihukumu leseni kwa jina la programu peke yake, bali kwa toleo. Nomad, programu nyingine ya uratibu, ilikuwa chini ya MPL 2.0 hadi Agosti 2023, HashiCorp walipoihamishia BSL 1.1, ambayo haikidhi masharti ya Debian kuhusu programu huria. LXD, programu ya kuendesha kontena, nayo ilibadilishwa leseni Desemba 2023 kutoka Apache 2.0 kwenda AGPL. Hiyo bado ni leseni huria, lakini miezi michache kabla yake baadhi ya waliokuwa wakiitunza walikuwa wamekwisha kujiunga na tawi lake liitwalo Incus. Uwanja huu wa uratibu unamilikiwa kwa sehemu kubwa na makampuni, na makampuni hubadilisha masharti. Kabla ya kuanza kazi, isomeni leseni iliyomo ndani ya toleo lenyewe mnalotaka kulifungasha.

Bi_Raskazone anajibu:

Mwanangu MwanaNgamiani, pole na kazi, na hongera kwa kufikiria kuirudisha kazi yenu Debian badala ya kuifungia ofisini.

Mdau amekwisha kueleza ya leseni, nami nitasema juu ya maktaba za Go, kwa sababu hapo ndipo jasho lote litakapomwagika. Kanuni ya kwanza ya kuifahamu ni kwamba kifurushi cha Debian hakiruhusiwi kugusa mtandao wakati wa kujengwa. Go, kwa mazoea yake, hukuta orodha ya moduli katika faili la go.mod na kuzipakua moja kwa moja kutoka intaneti. Kwenye mashine za ujenzi za Debian jambo hilo litashindikana, na ni haki lishindikane, kwani kitu kilichojengwa kwa kupakua vipande siku hiyohiyo hakuna awezaye kuhakikisha kwamba kesho kitajengwa vilevile. Kwa hiyo kila maktaba lazima iwepo tayari kabla ujenzi haujaanza, na kuna njia mbili za kuifanya iwepo.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo desturi ya Debian, ni kila maktaba kuwa na kifurushi chake chenye jina linaloanza na golang- na kumalizika na -dev, kikiwa na msimbo chanzo tu ambao vifurushi vingine huutumia wakati wa kujengwa. Timu ya Go ndani ya Debian imekwisha kufungasha maktaba nyingi sana, baadhi zikiwa za Juju wenyewe, hivyo msikadirie ugumu kwa kuutazama urefu wa go.mod. Tumieni amri ya dh-make-golang estimate pamoja na anwani ya mradi. Itawaonyesha ni maktaba zipi ambazo bado hazimo Debian. Orodha hiyo ndiyo kipimo cha kweli cha kazi iliyo mbele yenu. Kila iliyobaki itahitaji kifurushi chake, kila kifurushi kipya kitapita katika foleni iitwayo NEW ambapo wasimamizi wa hazina hukagua leseni, na foleni hiyo hukaguliwa na watu wanaojitolea, hivyo haina haraka.

Njia ya pili ni kuziacha maktaba ndani ya msimbo chanzo wa programu, katika saraka ya vendor. Wengi huipenda kwa sababu inaonekana rahisi. Suala hili lilipata kupamba moto mwaka 2020, pale mtunzaji wa kifurushi cha Kubernetes, programu ya kuratibu kontena, katika Debian alipoamua kuyabeba maktaba mengi ndani ya kifurushi kimoja. Malalamiko yakafikishwa mbele ya Kamati ya Ufundi ya Debian, nayo kamati haikuutengua uamuzi wa mtunzaji. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba ni haramu. Lakini lazima mwelewe mnachokibeba. Kwanza, faili la debian/copyright litalazimika kutaja leseni na wenye haki wa kila maktaba iliyomo ndani, na maktaba moja tu yenye leseni isiyoeleweka inatosha kukirudisha kifurushi kizima. Pili, likitokea pengo la usalama katika maktaba moja, ninyi ndio mtakaotakiwa kulijua, kulitafuta ndani ya saraka yenu na kuliziba, hata kama Debian imekwisha kuirekebisha maktaba hiyohiyo mahali pengine.

Naomba nikae kidogo hapo kwenye usalama, maana ndiyo sababu ya mimi kuipenda njia ya kwanza pamoja na uzito wake wote. Programu ya Go hujengwa ikiwa na maktaba zake zote ndani ya faili moja tendaji. Programu ya C inayotumia maktaba ya pamoja hupona pale maktaba hiyo inaposasishwa; programu ya Go haiponi, kwa sababu maktaba imekwisha kuyeyuka ndani yake kama chumvi ndani ya mchuzi, na hakuna njia ya kuitoa isipokuwa kupika upya. Hata kasoro iliyo katika maktaba za msingi za Go yenyewe hudai kujenga upya kila programu iliyotokana nazo. Debian wenyewe huwatahadharisha watumiaji katika maelezo ya matoleo yao kwamba miundombinu yao bado ina ugumu wa kujenga upya vifurushi vya aina hii kwa ajili ya usalama. Maktaba zikiwa katika vifurushi tofauti, sehemu ya Static-Built-Using huandika ni toleo lipi la kila maktaba limetumika, na hivyo mtu anaweza kuulizia hazina nzima ni programu zipi zinazopaswa kujengwa upya. Zikiwa ndani ya vendor, maelezo hayo hayamo katika hazina, na itawabidi kulifungua faili tendaji lenyewe kwa amri ya go version -m ili kuona moduli zilizomo.

Ushauri wangu basi ni huu: maktaba zinazotumiwa na watu wengi zitoke Debian bila mjadala, na mziondoe kabisa katika msimbo chanzo kwa kutumia mstari wa Files-Excluded ndani ya debian/copyright, ambao huifanya uscan, zana ya kupakua msimbo wa asili, iufungashe upya mzigo wa asili bila saraka hizo. Zile chache ambazo hakuna mwingine duniani anayezitumia isipokuwa Juju, hizo mnaweza kujadiliana na timu ya Go kama zina maana ya kuwa na vifurushi vyao. Na msifanye kazi hii peke yenu kimyakimya. Fungueni kwanza ripoti ya ITP, yaani tangazo la nia ya kufungasha, dhidi ya wnpp, orodha ya Debian ya vifurushi vinavyohitaji kazi, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna aliyekwisha kuifungua, kisha ombeni kujiunga na timu ya Go kwenye Salsa, tovuti ya Debian ya kutunzia msimbo. Mtahitaji mdhamini wa kuwapakilia kifurushi kwa sahihi yake, na mdhamini hupatikana kwa urahisi zaidi miongoni mwa watu waliokwisha kuiona kazi yako.

MwanaNgamiani anajibu:

Shikamoo mama, nami nakushukuru sana, pamoja na kaka Mdau.

Tumekaa na wenzangu na tumekubaliana kwamba kwa upande wa Juju tutafungasha mteja tu, ili atumike pale ambapo taasisi inaridhia huduma zake ziendeshwe ndani ya kontena za Ubuntu. Ila kwa taasisi zinazotaka kila kitu kiwe Debian, kikundi chetu kina programu yake ndogo ya uratibu, nayo imeandikwa kwa Go. Ina wakala anayekaa kwenye kila seva, anayesoma maelezo ya huduma kutoka seva kuu, kisha anasakinisha vifurushi kwa apt, anaandika faili za mipangilio na kuziwasha huduma kupitia systemd, msimamizi wa huduma katika Debian. Mpaka sasa wakala huyo tunamnakili kwa mkono. Tunataka naye awe .deb, na hapo ndipo swali langu la tatu linaporudi: kifurushi cha wakala kiwe na tabia gani kinaposakinishwa, kinaposasishwa na kinapoondolewa?

Mtunza_Seva (Bagamoyo) anajibu:

Ndugu MwanaNgamiani, swali hili la tatu ndilo gumu kuliko yote, ingawa huonekana dogo. Kifurushi cha kawaida huweka programu moja. Kifurushi cha mratibu huweka programu ambayo kazi yake ni kuweka na kuondoa programu nyingine, na dpkg, programu ya Debian inayoweka na kuondoa vifurushi, haikuundwa ikimtarajia mgeni wa namna hiyo.

Kwa desturi ya Debian huduma huwashwa mara tu inaposakinishwa, na kwa seva ya tovuti hakuna ubaya. Wakala wa uratibu asiwashwe. Dakika ile ya kusakinishwa bado hajaambiwa seva kuu ni ipi wala hajapewa ufunguo wa kuitambua, na akiwaka akiwa na mipangilio ya chaguo-msingi, ama atashindwa na kujaza kumbukumbu za mfumo kwa makosa, ama atafungua poti kwenye mtandao bila ulinzi. Katika debian/rules iiteni dh_installsystemd kwa --no-enable na --no-start, kisha mwandike ndani ya README.Debian hatua ambazo msimamizi atazifuata ili kumsajili wakala na kumwasha kwa hiari yake.

Msiifanye skripti ya postinst, ambayo huendeshwa kifurushi kinapomaliza kuwekwa, isakinishe chochote. Wakati skripti hiyo inaendeshwa, dpkg imeshikilia kufuli lake, na amri ya apt itakayoitwa kutoka ndani yake itakuta mlango umefungwa. Wakala naye asiwashwe na postinst halafu akakimbilia apt sekunde ileile, kwa sababu atalikuta kufuli hilohilo. Mwandikeni awe na subira, ajaribu tena baada ya muda, na asihesabu hali hiyo kuwa ni kosa.

Kuna mtego mkubwa zaidi, na naomba mwusome kwa makini. Tuseme mmetoa toleo jipya la wakala, na wakala wa zamani ndiye anayeamriwa kujisasisha. Anaiita apt, apt inaita dpkg, dpkg inaendesha skripti zinazomsimamisha au kumwasha upya wakala. Kwa kawaida systemd inaposimamisha huduma huua kila mchakato uliomo ndani ya kundi la huduma hiyo, na apt, kwa kuwa ilizaliwa na wakala, imo ndani ya kundi hilo. Matokeo yake ni kwamba wakala akisimamishwa, apt nayo inauawa katikati ya kazi, na mfumo unabaki na vifurushi vilivyofunguliwa nusu. Dawa yake ni wakala kuziendesha amri zote za apt kupitia systemd-run, ili kila moja iwe na kundi lake lisilomtegemea. Kuna wanaotumia KillMode=process, kama inavyofanya huduma ya Docker, na inasaidia, lakini mimi naiona systemd-run kuwa safi zaidi kwa sababu matokeo ya apt yanabaki katika kumbukumbu chini ya jina lake lenyewe na mtu anaweza kuyasoma asubuhi. Kwa sababu hiyohiyo huduma mnazoziratibu ziwe na faili zao za systemd, zisiwe watoto wa wakala, ili kumsasisha wakala kusiwe kuizima hifadhidata ya chama cha mikopo saa za kazi.

Kuhusu kuondoa: mtu akitoa amri ya remove, faili za programu ziondoke, lakini mipangilio iliyo /etc na hali iliyo /var/lib zibaki. Akitoa amri ya purge, futeni mipangilio, funguo na hali ya wakala mwenyewe, na mkomee hapo. Data ya huduma zilizokuwa zikiratibiwa si mali ya kifurushi chenu, hata kama wakala ndiye aliyeiumba saraka yake. Mtumiaji wa mfumo mtakayemwumba kwa ajili ya wakala apewe jina linaloanza na mstari wa chini, kama kanuni za Debian zinavyoelekeza kwa majina mapya, ili lisigongane na jina la mtu.

Wakala, mteja na seva kuu viwe vifurushi vitatu vinavyotokana na chanzo kimoja, kwa mfano ule wa etcd (hifadhidata ndogo ya mipangilio), ambayo katika Debian imegawanywa kuwa etcd-server na etcd-client. Msimamizi hana sababu ya kubeba seva kuu kwenye kompyuta yake ya mkononi.

La mwisho ni tofauti ya matoleo. Seva hazisasishwi zote kwa pamoja. Nyingine zitakuwa zimezimwa, nyingine umeme umekatika. Lazima muamue na kuandika ni matoleo mangapi ya nyuma ambayo seva kuu itaendelea kuelewana nayo. Kubernetes wameliweka hili wazi: kubelet (wakala wa kila mashine) haipaswi kuwa mpya kuliko kube-apiserver (seva kuu), na tangu toleo la 1.28 inaruhusiwa kubaki nyuma kwa matoleo madogo matatu. Tena seva kuu hairuhusiwi kuruka toleo wakati wa kupanda. Sasa tazameni jinsi hilo linavyogongana na mwendo wa Debian. Kubernetes hutoa matoleo matatu kwa mwaka na kila moja hutunzwa kwa takriban miezi 14, ilhali Debian thabiti hutoka kila baada ya miaka miwili hivi. Mtu anayehama kutoka Debian thabiti moja kwenda nyingine anaruka matoleo kadhaa kwa mpigo, kitu ambacho waandishi wa asili wamekikataza. Kwa programu yenu wenyewe mna uhuru wa kuzuia hali hiyo tangu mwanzo: hakikisheni kwamba wakala aliyetoka katika Debian thabiti iliyopita anaelewana na seva kuu ya Debian thabiti iliyopo, na mlijaribu jambo hilo kabla ya kila toleo.

Mkazi_wa_Pongwe anajibu:

Nawaheshimu wote waliotangulia, lakini kwa hoja ya kupeleka kazi hii Debian natofautiana nao kidogo. Aliyoyaeleza ndugu wa Bagamoyo mwishoni yanatosha kuonyesha kwamba programu ya uratibu inayobadilika kila mwezi haina nafasi ndani ya toleo linaloganda kwa miaka miwili. Wekeni hazina yenu wenyewe. Kwa zana kama reprepro au aptly, seva moja ya kawaida inatosha. Faili za orodha zitiwe sahihi kwa ufunguo wenu wa GPG, ufunguo wa umma uwekwe /etc/apt/keyrings, na mstari wa chanzo utaje ufunguo huo kwa signed-by ili uaminiwe kwa hazina hiyo peke yake, usiaminiwe kwa kila kitu. apt-cacher-ng mliyo nayo itazihifadhi faili hizo pamoja na zile za Debian, na shida ya bando itakuwa imekwisha. Toleo jipya likiwa tayari leo, leo linafika Makorora na Pongwe, bila kusubiri foleni ya mtu yeyote.

Bi_Raskazone anajibu:

Mwanangu wa Pongwe, kwa wakala wao nakubaliana nawe kabisa. Programu ambayo bado inatafuta umbo lake, na ambayo watumiaji wake wote wanajulikana na watunzaji wake, ikae katika hazina ya kikundi. Kwa mteja wa Juju sikubaliani. Huyo ana watumiaji nje ya Tanga, na mkimweka katika hazina ya kikundi peke yake, mzigo wa kufuatilia mapengo ya usalama ya maktaba zake zote utakuwa wenu milele, ilhali ndani ya Debian mzigo huo unagawanywa na timu ya Go pamoja na timu ya usalama. Akipelekwa unstable, tawi la Debian linalopokea vifurushi vipya, kisha akaonekana hawezi kwenda na mwendo wa toleo thabiti, Debian ina njia ya kumzuia asiingie testing, tawi linalotayarishwa kuwa toleo thabiti, kwa ripoti ya hitilafu nzito, na bado atajengwa, atajaribiwa na kutazamwa na macho mengi.

Tena njia hizo mbili hazigombani. Anzeni kwa hazina yenu huku ITP ikiendelea, ila muwe waangalifu na namba za matoleo. Kifurushi chenu kikiitwa 3.6.1-1, na Debian nao baadaye wakatoa 3.6.1-1 yao, apt itakuwa na vifurushi viwili tofauti vyenye namba moja, na hamtajua ni kipi kimewekwa kwenye seva ipi. Kiiteni 3.6.1-1~tanga1. Alama ya wimbi huifanya dpkg ilihesabu toleo hilo kuwa dogo kuliko 3.6.1-1, kwa hiyo siku kifurushi cha Debian kitakapofika, seva zenu zitahamia kwake zenyewe kwa apt upgrade ya kawaida. Mnaweza kulihakikisha hilo kabla ya kutoa chochote kwa amri ya dpkg --compare-versions 3.6.1-1~tanga1 lt 3.6.1-1, ambayo haichapishi neno lolote bali hurudisha sifuri pale ulinganisho unapokuwa kweli, hivyo ifuateni na echo $? ili muone jibu lake.